Kitoto cha paka chenye viroboto: Hatari kubwa imo kwenye chupa ya dukani

NENDA duka lolote la dawa za mifugo, liwe Busia upande wa Kenya, Mutukula upande wa Uganda au Rusumo upande wa Rwanda, uombe dawa ya viroboto. Swali la kwanza la muuzaji litakuwa kama ni ya ng'ombe, ya kuku au ya mbwa. Paka hayumo kwenye hesabu. Ukieleza kwamba ni ya paka, tena mdogo wa wiki chache, mara nyingi utapewa ile ile ya mbwa na kuambiwa uweke kidogo tu.

Hiyo "kidogo tu" imeua vitoto vingi vya paka katika ukanda huu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kitoto kinapokufa usiku huo huo, mwenye nyumba husema viroboto walikuwa wamekimaliza tayari.

Nyingi kati ya dawa za kupe na viroboto zinazouzwa katika nchi zetu ni za jamii ya pareto ya kutengenezwa maabara. Pareto yenyewe tunaijua vizuri. Ni lile ua jeupe linalolimwa Nakuru, Musanze na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na Kenya, Tanzania na Rwanda zimekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani kwa miaka mingi. Wakemia waliiga sumu ya ua hilo na kutengeneza ndugu zake wakali na wenye kudumu zaidi. Mmoja wao ni permethrini. Kwenye lebo utaiona imeandikwa permethrin, bila ile i ya mwisho.

Mbwa huivumilia. Ng'ombe huivumilia. Paka haiwezi, kwa sababu ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuivunja na kuitoa mwilini. Dawa za mbwa za kudondoshea shingoni, ambazo huwa na permethrini ya asilimia 45 hadi 65, zinaweza kumtetemesha na kumtia degedege paka mzima mwenye kilo nne. Kwa kitoto cha nusu kilo sina haja ya kueleza.

Gramu 380

Mwaka jana watoto wa ploti ninamoishi Kampala walitoa kitoto cha paka chini ya tangi la maji. Mama yake hakuonekana. Kilikuwa na manyoya yaliyosimama, macho yenye tongotongo na tumbo lililojaa kama ngoma juu ya miguu myembamba mithili ya njiti. Meno ya nyuma yalikuwa yameanza kuchomoza, kwa hiyo umri wake ulikuwa wiki tano au sita. Mizani ya jikoni ilisema gramu 380.

Kitoto cha paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na kikinyonya vizuri huongeza takriban gramu 100 kila wiki. Cha wiki sita kinapaswa kuwa na zaidi ya nusu kilo. Hiki kilikuwa kimepungukiwa theluthi moja ya mwili wake, na sababu zilionekana kwa macho: shingoni na kwapani viroboto walikuwa wanapishana kama abiria wa stendi.

Jioni ile tulichana na kuhesabu. Walipatikana zaidi ya 90 kwenye bakuli la maji ya sabuni, na hao ni waliokamatwa tu.

Hesabu ya damu inatisha. Wanasayansi waliopima unyonyaji wa kiroboto wa paka walikuta kwamba majike 70 na kidogo wanaweza kunyonya mililita moja ya damu kwa siku. Kitoto cha gramu 380 kina damu ya mililita 20 na kitu, yaani vijiko vinne au vitano vya chai. Hata tukisema nusu ya wale 90 walikuwa madume, ambao hunywa kidogo, bado kitoto kilikuwa kinapoteza zaidi ya nusu mililita kila siku. Mtu mzima angepoteza kwa kiwango hicho asingemaliza wiki bila kulazwa.

Ndiyo maana kwa kitoto cha paka kiroboto ni mnyonya damu kwanza, na mwasho huja baadaye. Paka mzima akiwa na viroboto atajikuna na kukasirika. Kitoto hulala tu, na watu husema kimetulia.

Kipimo cha haraka ni fizi. Inua mdomo wa juu taratibu utazame. Zikiwa na rangi ya waridi, una muda. Zikiwa zimepauka, muda wako ni mfupi. Zikiwa nyeupe kabisa na kitoto kinahema haraka, acha kusoma makala haya ukatafute daktari wa mifugo sasa hivi, kwa sababu huenda kinahitaji kuongezewa damu. Fizi za hiki chetu zilikuwa zimepauka.

Tumbo lile halikuwa shibe

Wengi wanaona tumbo kubwa na kudhani kitoto kimekula. Mara nyingi ni minyoo. Lugha yetu ina majina yake tayari, na tusiyaache.

Kuna mchango, ile minyoo mirefu ya mviringo inayofanana na tambi. Kitoto huipata kwa maziwa ya mama yake, kwa kuwa mabuu yaliyojificha mwilini mwa paka jike huamka anapozaa na kupenya hadi kwenye chuchu. Kwa hiyo hata kitoto kilichozaliwa ndani ya nyumba safi, ambacho hakijawahi kukanyaga udongo, kinaweza kuwa nayo. Kuna safura, minyoo midogo yenye meno inayojishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Ukiichanganya na viroboto, kitoto kinanyonywa nje na ndani kwa wakati mmoja, na kinyesi chake huwa cheusi kama lami.

Na kuna tegu. Huyu ndiye kiungo kati ya magonjwa haya mawili, na ndiye anayewapotezea watu fedha. Tegu wa kawaida wa paka hapiti kwenye maziwa wala udongoni. Anakua ndani ya kiroboto. Buu la kiroboto humeza mayai ya tegu, buu likawa kiroboto, kiroboto akamrukia paka, paka akajilamba na kummeza, na tegu akapata makao. Wiki mbili tatu baadaye vipande vyake vinaonekana kuzunguka mkundu wa paka au kwenye tandiko, vidogo vyeupe, vikikauka vinafanana na punje za mchele.

Mtu anayempa paka dawa ya tegu na kuwaacha viroboto amelipia wiki tatu za nafuu. Atarudi dukani.

Joto kabla ya chakula

Kishawishi cha kwanza kwa kila mwenye huruma ni kukipa maziwa. Subiri. Kitoto kilichopoa mwili, ambacho masikio na nyayo zake ni za baridi, tumbo lake haliwezi kusaga chakula, na ukikilazimisha kinaweza kupaliwa. Kwanza kipashwe joto pole pole. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, iliyoviringishwa kwa taulo na kuwekwa upande mmoja wa boksi, inatosha. Upande wa pili uachwe bila joto ili kiweze kusogea. Jiko la mkaa chumbani lisitumike, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua watu, sembuse paka.

Kikilegea sana, paka asali kidogo au maji mazito ya sukari kwenye fizi. Sukari ya damu ya kitoto chenye njaa hushuka haraka.

Maziwa ya ng'ombe yaliyo baridi kutoka kwenye pakiti huviharisha vitoto vingi, na kuharisha kwa kitoto cha gramu 380 ni msiba. Maziwa maalumu ya vitoto vya paka yapo katika kliniki za Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali, lakini bei yake si ya kila mtu. Bahati nzuri kitoto chenye meno kinaweza kuanza chakula laini. Nyama ya kusaga iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu ni nzuri. Dagaa pia ni wazuri, na hapa Jumuiya ya Afrika Mashariki imekubaliana bila mkutano wa viongozi: waitwe omena, mukene, indagara au sambaza, samaki wadogo waliooshwa mchanga, wakatolewa vichwa, wakachemshwa na kupondwa na mchuzi wao, vitoto vya paka vinawala. Kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Kitunguu na kitunguu saumu vikae mbali, kwani huharibu chembe nyekundu za damu za paka, na damu ndiyo hasa tunayoipigania.

Chetu kilikula mara ya kwanza saa tano usiku, kijiko kimoja cha chai cha mukene uliopondwa, kikalala juu ya sahani.

Kuwatoa viroboto bila sumu

Kwa kitoto chini ya wiki nane dawa salama ni chache, na mkono wa binadamu ndio unaofanya kazi kubwa. Vifaa vyake vinapatikana sokoni: kitana cha chawa chenye meno yaliyobanana, bakuli la maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, taulo mbili na subira.

Kama kitoto kina nguvu na kimeshapata joto, kinaweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Anza kwa kufanya pete ya povu shingoni. Usipofanya hivyo, viroboto wote watakimbilia usoni na masikioni, mahali ambapo huwezi kupaka sabuni. Kisha osha mwili, usizidishe dakika chache, suuza, kausha kwa taulo na kukirudisha kwenye joto mara moja. Baridi baada ya kuoga imeua vitoto vilivyosalimika na viroboto.

Kama ni dhaifu, usikioshe. Kichane kikiwa kimelala mapajani, ukitumbukiza kitana kwenye maji ya sabuni kila baada ya mchano. Sabuni ina kazi yake. Kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka tena, ila kwenye maji ya sabuni huzama. Chana asubuhi na jioni, kila siku.

Ukiona vumbi jeusi kwenye manyoya lakini huoni viroboto, liweke kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Likitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyokauka.

Ipo dawa ya kupulizia yenye fipronili ambayo katika nchi za Ulaya imeidhinishwa kwa vitoto hata vya siku mbili, na nyingine za kudondosha shingoni zilizoandikwa wazi kuwa ni za paka kuanzia wiki sita au nane. Daktari atakuambia ipi ipo mjini kwako. (Wenye sungura watahadhari, kwa sababu fipronili ni hatari kwa sungura.)

Dawa ya minyoo nayo inaendana na uzito. Ile ya kawaida kwa vitoto ni pairanteli, ambayo hutolewa kwa njia ya maji na huweza kuanza wiki ya tatu ya maisha, ikirudiwa kila wiki mbili hadi baada ya kuacha kunyonya. Inarudiwa kwa sababu dozi moja huua minyoo iliyomo kwenye utumbo siku hiyo, haiyafikii mabuu yaliyo njiani. Haimgusi tegu. Dawa ya tegu ni prazikwanteli, ambayo watoto wengi wa shule za kandokando ya Ziwa Viktoria wanaifahamu kama vidonge vya kichocho, na kwa ajili hiyo wapo wanaokata kidonge cha binadamu na kumpa paka. Vidonge hivyo hupimwa kwa mwili wa binadamu. Kukisia robo ya robo kwa mnyama wa gramu 380 ni kubahatisha.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea alikipima kwanza, akavuta dawa kwenye bomba dogo lisilo na sindano, akakinywesha kwa pembe ya mdomo. Kesho yake watoto walikuja mbio kusema kitoto kimejisaidia tambi zinazotembea. Hilo ndilo lililotakiwa.

Chupa ya mlinzi

Sasa nirudi kwenye chupa. Siku ile kitoto kilipopatikana, mlinzi wa ploti, mtu mwema aliyekulia kwenye ng'ombe, alikuwa tayari na dawa yake ya kupe na ndoo ya maji. Tuliisoma lebo pamoja kwa tochi ya simu. Picha zilikuwa za ng'ombe, mbuzi na mbwa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mchanga. Ndani mlikuwa na sipamethrini, ndugu ya permethrini, pamoja na klopirifosi, sumu ya jamii nyingine kabisa ambayo paka huathirika nayo upesi. Sumu mbili kwa chupa moja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba isitumike kwa paka.

Mlinzi yule anazungumza lugha nne, na Kiingereza si mojawapo.

Orodha ya vitu vinavyopakwa vitoto vya paka katika ukanda huu ni ndefu: dawa ya josho, unga wa kuua wadudu wa kuku, dawa ya kupe yenye amitrazi, mafuta ya taa, mafuta ya mwarobaini yasiyochujwa. Kila kimoja kina hadithi ya jirani aliyepona nacho. Paka hujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni umemlisha. Na ukiona kitoto kina homa, usikipe parasetamoli hata chembe. Kidonge kimoja cha kawaida kinaweza kumuua paka mzima.

Kama kosa limeshafanyika, dalili huanza ndani ya saa chache: masikio na ngozi kucheza, mwili kutetemeka, kudondoka mate, kutembea kama mlevi, kisha degedege. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kuitoa dawa iliyobaki juu ya ngozi, kiviringishe kwenye taulo, ukimbie kwa daktari ukiwa na chupa yenyewe mkononi. Kumnywesha mafuta au maziwa hakusaidii.

Hapa ndipo jambo la kitoto cha paka linapokuwa jambo la ukanda. Dawa za mifugo zinazotengenezwa au kufungashwa nchi moja zinauzwa nchi nyingine, kihalali na kwa njia za panya. Kenya ina Kurugenzi yake ya Dawa za Mifugo. Uganda mamlaka moja ya taifa inasimamia dawa za binadamu na za wanyama, na Rwanda ni vivyo hivyo. Tanzania wapo TMDA. Kila nchi ina mlango wake, na Jumuiya imeanza utaratibu wa kutambuana usajili, ikianzia na chanjo za mifugo. Ni hatua njema. Lakini chupa ikishavuka, anayeisimamia ni yule anayeisoma.

Na lugha anayoisoma ni ipi? Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 137, ulikitaja Kiswahili kama lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki hatua kama hiyo Julai 2022. Kongo, ambako watu wa Goma na Bukavu hununua na kuuza kwa Kiswahili kila siku, iliingia kwenye Jumuiya mwaka huo huo. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngonjera. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Pamoja na yote hayo, lebo ya chupa inayoweza kumuua mnyama, na hata mtoto wa mtu akiinywa, mara nyingi bado ni ya Kiingereza au Kifaransa peke yake.

Sidai kila lebo itafsiriwe yote. Ninachokiona kinawezekana kesho asubuhi ni maneno matatu kwa herufi kubwa, SI YA PAKA, na picha ya paka iliyopigwa mstari mwekundu, kwenye kila dawa yenye permethrini na ndugu zake. Wino huo ni senti. Wasajili wetu wangeweza kuudai kama sharti moja la pamoja, na muuzaji wa Kasumbalesa na wa Namanga wangeuelewa sawasawa.

Nyumba nayo ina viroboto

Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo. Wataalamu hukadiria kuwa wakubwa walio juu ya mnyama ni asilimia tano hivi ya jeshi lote. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyomo sakafuni, kwenye mkeka, nyufa za ukuta na boksi la kitoto. Jike mmoja hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku, nayo hayashiki kwenye manyoya, huanguka kila paka anapotembea. Katika joto letu yai linaweza kuwa kiroboto ndani ya wiki tatu. Vifukofuko vinaweza kusubiri miezi, na ndiyo sababu mtu akihamia nyumba iliyofungwa muda mrefu anashambuliwa miguuni siku ya kwanza.

Tandiko lifuliwe kwa maji ya moto kila baada ya siku chache. Mkeka na godoro vitolewe juani mchana kutwa, kwa sababu buu la kiroboto halivumilii jua na ukavu. Nyufa zifagiliwe na taka zichomwe, zisirundikwe nyuma ya mlango. Paka na mbwa wengine wa nyumba watibiwe siku hiyo hiyo, kila mmoja kwa dawa yake.

Watu nao wamo. Mayai ya mchango wa paka yakikaa udongoni wiki chache yanakuwa na uwezo wa kumwambukiza mtoto anayechezea mchanga, na mabuu yake yanaweza kufika hadi jichoni. Safura ya paka hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga peku na kuchora mistari inayowasha, jambo ambalo watu wa fukwe zenye joto, pamoja na mwambao wetu, wanalijua. Mwaka 2010 watafiti waliripoti wagonjwa wa homa nchini Kenya walioambukizwa kijidudu ambacho kiroboto wa paka hukibeba. Na kwa wakazi wa Lushoto, ambako tauni iliibuka mwaka 1980, au wa West Nile na Ituri, kiroboto si mdudu wa kudharau hata kidogo. Huko mbebaji mkuu ni kiroboto wa panya, lakini paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuugua naye akamwambukiza anayemuuguza. Kitoto chenye homa na mitoki iliyovimba katika maeneo hayo kishikwe kwa glavu, na daktari aelezwe kimetoka wapi.

Kwa wengine inatosha kunawa mikono kwa sabuni, kuchota kinyesi kila siku kabla mayai hayajakomaa, na kutowafukuza watoto. Watoto wa ploti yetu ndio waliokuwa wanachana asubuhi, kwa zamu waliyojipangia wenyewe, na ndio walioandika uzito ukutani kwa mkaa: 380, 395, 430, 510.

Anayetafuta msaada asitegemee duka pekee. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, Sokoine kule Morogoro, Makerere mjini Kampala, Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, vinatibu wanyama wadogo. Kuna mashirika kama KSPCA jijini Nairobi na USPCA jijini Kampala. Wilayani, ofisa mifugo wa kata anayechanja ng'ombe anaweza pia kupima kitoto cha paka, ila inabidi umwombe, kwa sababu hakuna anayemwomba. Nenda na uzito ulioupima siku hiyo, tarehe ya dozi iliyopita na kinyesi kidogo kwenye kichupa safi.

Dozi ya pili ya minyoo ni baada ya wiki mbili. Kitoto kikifikisha miezi mitatu kinapata chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo serikali na mashirika mengi huitoa bure karibu na Septemba 28 kila mwaka, kwa mbwa na paka. Kadi ya chanjo hiyo itunzwe. Anayehama Bujumbura kwenda Kigoma, au Kisumu kwenda Jinja, na paka wake kapuni, ataulizwa mpakani kadi hiyo pamoja na kibali cha idara ya mifugo.